Jibu la Darasa la Tano

Aghalabu tutajapo utamaduni wa taifa, fikira zetu hukimbilia ngoma, mavazi na hadithi za kale. Ni nadra mtu kulikumbuka jembe. Sisi nasi tulikuwa hivyo, mpaka mwishoni mwa mwaka 1981, tulipofunzwa na wanafunzi wetu wenyewe katika milima ya Umatengo, pande za Kitura, Wilaya ya Mbinga.

Tulikuwa walimu wapya wawili, sote wazaliwa wa pwani. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza mwaka 1977, na walimu walihitajika kila pembe ya nchi. Tulifika na vyeti vyetu, na hatukuwa na koti hata moja. Baridi ya mwezi Juni ilipoingia, tulivaa kila shati tulilokuwa nalo, moja juu ya jingine, hata wanafunzi wakawa wanatuhesabu kola kabla ya kutuamkia.

Mwezi wa Novemba tuliwapa darasa la tano mtihani wa kilimo. Swali la mwisho lilisema: Taja njia mbili za kuzuia mmomonyoko wa udongo penye mteremko. Majibu tuliyoyataka yalikuwa katika madaftari yao: kuchimba makinga maji, na kupanda nyasi au miti. Usiku tukawasha taa ya chemli, tukaanza kusahihisha. Mwanafunzi wa kwanza alikuwa ameandika: ngolo. Wa pili: ngolo. Wa tatu alieleza kwa urefu kidogo: Njia ya kwanza ni ngolo, na njia ya pili ni kuzitengeneza tena zikibomoka.

Neno hilo hatukuwa tumelifundisha. Tukakata shauri kwamba darasa zima limeibiana majibu, na kila karatasi tukaitia sifuri kwa wino mwekundu. Alisalimika mmoja tu, mtoto wa mtumishi aliyehamishiwa huko, ambaye aliandika maneno yetu kama tulivyoyasema. Kulipokucha tuliwapa wenzake adhabu ya kufyeka nyasi za uwanja. Walifyeka bila kunung'unika, ila walikuwa wakitazamana kwa mshangao.

Mwalimu Mkuu, aliyekuwa amekaa milimani miaka mingi, aliuliza sababu ya kazi ile. Tukampa karatasi. Alisoma mbili tatu, akavua miwani, akacheka hata akashika meza.

"Walimu," akasema, "kesho nendeni mkazisahihishe shambani."

Usiku ule mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi tulipanda mlima tukiongozwa na mmoja wa wale waliopata sifuri, hadi kwa bibi yake aliyekuwa akipanda mahindi. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, kisha akasema kwa Kimatengo maneno mengi, huku akitunyooshea kidole. Mwanafunzi wetu, ambaye sasa alikuwa mkalimani, akainama na kusema: "Bibi anasema karibuni." Tulifahamu kwamba tafsiri imepunguzwa kwa heshima yetu.

Mteremko wote ulikuwa na mashimo ya mraba yaliyopangana mfano wa sega la nyuki. Bibi alitueleza kazi yake. Mwezi wa Machi, mvua zikielekea ukingoni, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Kisha wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi. Juu ya kingo hizo hupandwa maharage, na mvua mpya zikianza hupandwa mahindi. Nyasi huoza zikawa mbolea. Shimo hupokea maji pamoja na udongo unaoteremka nayo.

Mmoja wetu, akiwa bado na cheti kichwani, alianza kumweleza bibi ubora wa makinga maji. Katika kueleza alirudi nyuma hatua moja, akazama shimoni hadi magotini. Bibi alimtazama, akasema neno moja tu, na safari hii mkalimani hakuhitajika: "Ngolo."

Tulipokwisha kucheka tulitazama vizuri. Njia ya miguu tuliyopandia ilikuwa imechimbwa na maji mekundu. Shambani, palipokuwa na mwinamo ule ule, maji yalikuwa yametulia mashimoni, na udongo ulikuwa mahali pake.

Baadaye tulijifunza zaidi. Katika karne ya 19, vita vya Wangoni viliwasukuma Wamatengo kubanana milimani, wakalazimika kulima miteremko mikali bila kuimaliza. Mwaka 1938 Mwingereza A. H. Pike aliandika habari za kilimo hicho katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine na wenzao wa Japani walikwenda kukichunguza. Basi, jibu tulilolitia sifuri lilikuwa limechapwa kitabuni miaka 43 kabla ya mtihani wetu, na lilikuwa limeandikwa milimani zamani zaidi.

Siku ya kufunga shule tulisimama mbele ya wazazi, tukakiri kosa, tukarudisha alama. Nyasi zilizofyekwa hatukuweza kuzirudisha. Bibi yule alikuwapo. Alipiga makofi, kisha akamnong'oneza mjukuu wake neno ambalo hatukutafsiriwa.

Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu aliyepona alikuwa mgeni. Ninyi mnaosoma leo, ambao kesho mtatumwa kufundisha mbali na kwenu, mtakutana na jibu lisilokuwamo katika mwongozo. Kabla ya kuchukua wino mwekundu, mwulizeni mtoto amelipata wapi. Akisema amelipata kwa bibi yake, nendeni mkamwamkie, na mtazame mnapokanyaga.