Vilima vya Viraka

Mtu wa mwambao, aliyezoea upeo wa macho ulio mstari mmoja, maji chini na mbingu juu, hupata tabu kidogo afikapo Buha. Katika nyanda zile za juu za Kigoma, baina ya Kasulu na Kibondo, upeo haunyooki. Kilima hukaa nyuma ya kilima, na nyuma yake kingine, na kadiri vinavyokwenda mbali ndivyo vinavyofifia: kijani cha migomba kinageuka buluu, na buluu inageuka rangi isiyo na jina, mfano wa majivu yaliyotiwa maziwa. Mwalimu mmoja mstaafu wa Kibondo, mzaliwa wa vijiji vya Kasulu, aliitafuta rangi hiyo katika maduka ya vitenge asiipate. Siku moja aliipata katika kitenge alichokuwa nacho kwa miaka, alipokigeuza upande wa ndani.

Anachoshona mwalimu huyu ni mfarishi. Wazee wa pwani wanalijua neno: vitambaa viwili, pamba katikati, vikashikizwa pamoja kwa mishono mingi. Wake lakini haulaliwi. Huutundika ukutani, na uso wake wote ni mandhari ya nchi, kilima na bonde na njia, kama yalivyo katika picha alizopiga kwa mkono wake.

Kazi huanza kwa kuitoa picha nakala kubwa isiyo na rangi. Rangi humhadaa mshonaji. Kwenye nakala nyeusi na nyeupe ndipo huonekana lililo zito na lililo jepesi, lililo karibu na lililo mbali. Hufumba macho nusu, akachora mipaka ya vipande vikubwa tu, akaacha vidogo. Kisha hukata. Hutangulia na mbingu, akafuatisha kilima cha mbali kabisa kikiikalia mbingu ukingoni, na kingine juu yake, mpaka afike kwenye majani yaliyo miguuni mwa mtazamaji. Pamba ikikosekana, blanketi kuukuu hukaa mahali pake. Ukungu wa asubuhi huufanya kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, akakitandaza juu ya bonde na kukishikiza kwa uzi mwembamba. Vilima huonekana chini yake na havionekani. Majani huyachora kwa cherehani yenyewe: meno yake huyafunika kwa kadi ngumu ili yasikivute kitambaa, na mkono ukawa huru kukisukuma utakako. Mshona kofia wa Unguja, ambaye macho yake yamezeeka juu ya tundu na uzi, angeuelewa uchovu wa jioni za mwalimu huyu bila kuelezwa.

Apendayo zaidi ni picha za Septemba. Wakati huo mvua bado, nyasi zimeungua au zimekauka, na vumbi la barabara limepaka kila kitu. Lakini miyombo huwa imekwisha kuchipua, na machipukizi yake ni mekundu, rangi ya shaba. Asiyeijua nchi ile akiuona mfarishi hudhani mshonaji ametia chumvi.

Hakuwa ametia chumvi. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa la kupunguza.

Picha yenyewe aliipiga mwaka 2016, akiwa juu ya kilima, akitazama upande wa Nduta. Kambi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa upya Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi waliokimbia machafuko ya kwao, na kufikia mwaka 2017 ilikuwa na watu zaidi ya 100,000. Katika picha, mteremko mzima wa pili umejaa mahema meupe. Katika mfarishi alioumaliza mwaka uliofuata, mteremko ule ulikuwa na miyombo mitupu.

Alikuwapo mwanamke mmoja wa kambini, fundi wa kutarizi mashuka, waliyejuana sokoni, pale wenyeji na wakimbizi walipokuwa wakiuziana unga, maharage na nyuzi. Huyu akisema Kirundi na huyu Kiha, walielewana bila mkalimani. Alipoonyeshwa kazi ile aliisifu kwanza, tena kwa ufundi, akigusa mishono. Kidole chake kikapanda hadi kwenye mninga mmoja mkubwa, kikasimama.

"Mwalimu, mti huu ni wetu. Sisi tuko wapi?"

Mwalimu alijibu kwamba nyeupe huvuta jicho, kwamba mahema yangekileta kilima cha mbali mbele ya kile cha karibu na kuivunja picha yote. Jibu hilo ni sahihi. Kila ashonaye mandhari analijua. Mgeni wake aliukunja mfarishi taratibu, akauliza bei ya uzi.

Wanawake wa Chile, baada ya mapinduzi ya mwaka 1973, walishona kwa vitambaa vikuukuu milima ya Andes, na chini ya milima wakawashona jamaa zao waliotoweka. Wahmong waliokimbia Laos walitarizi katika kambi za Thailand vijiji vyao na mto Mekong waliouvuka. Hao walishona ya kwao. Mwalimu wa Kibondo alikuwa akishona ya kwake, kilima cha nchi yake, na halikuwa jambo jepesi kwake kukubali kwamba kilima hicho kilikuwa na wenyewe wengine pia, walau kwa miaka ile.

Alifumua mteremko wote. Nyeupe ya kwanza, ya shuka jipya, ikafanya kama alivyohofu: iliruka mbele. Akaichovya kwenye chai ya rangi, akaianika, akaichovya tena, hata ikatulia. Hema moja lilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, na aliyashona kwa mkono, usiku, kwa miezi. Wakati huo urejeaji wa hiari, ulioanza Septemba 2017, ulikuwa ukiendelea, na kabla kazi haijaisha fundi wa mashuka alikwisha kupanda msafara na wanawe kurudi kwao.

Mwalimu alimpelekea picha ya mfarishi kwa simu. Chini ya mninga alikuwa ameshona hema moja kwa uzi wa buluu, ili mwenyewe alitambue.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Alishukuru, akawasalimu wa nyumbani, akasema mvua kwao zimeanza. Halafu akaongeza kwamba hema lao halikuwa chini ya mti, lilikuwa ng'ambo ya njia, la tatu kutoka bombani.

Mwalimu akachukua wembe, akafumua.