Kitabu Kimoja, Watu Wawili



Sisi tunaoandika habari hizi ni mume na mke. Tumeoana yapata miaka 16, na Mungu ametujalia watoto wanne. Twataka kuwaeleza desturi moja ya nyumbani mwetu ambayo majirani wengine huicheka. Kila Jumamosi jioni, siku ya posho kama tusemavyo kwetu, watoto wakiisha kula na kulala, sisi wawili twakaa mezani na kuwasha taa. Mmoja anasoma kwa sauti, na mwenzake anasikiliza huku akichambua maharagwe ya kesho au kushona kifungo. Kitabu tunachosoma ni cha upelelezi, yaani hadithi ya mtu aliyeuawa au ya mali iliyoibwa, na ya mpelelezi anayemtafuta mkosaji.

Watu hutuuliza: “Nyinyi wazima, wenye watoto, mna haja gani na hadithi za wezi?” Basi, leo tutajibu. Wala hatutaficha aibu iliyotupata katikati ya desturi hiyo, maana bila hiyo jibu letu halitakuwa kamili.

Jambo lenyewe lilianza kwa sababu ya mlima. Tarehe 22 Mei 2021, jioni ya siku ya posho, Nyiragongo ilipasuka, na moto wake ukashuka hata ukasimama karibu na mji. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku. Tarehe 27 Mei tukaambiwa mitaa mingi ihamwe. Watu kwa maelfu wakashika njia ya Sake, nasi tukiwa kati yao, watoto mkononi na mzigo kichwani. Katika mfuko tulitia nguo, sufuria, na karatasi za ubatizo na za shule. Kati ya karatasi hizo kilikuwamo kijitabu cha Kifaransa tulichokuwa tumekinunua kwa bei ndogo kwa muuza vitabu wa njiani, nacho hatukuwa tumekisoma bado. Kilikuwa hadithi moja ya Kamishna Maigret, mpelelezi aliyetungwa na Georges Simenon, Mbelgiji wa mji wa Liège.

Huko Sake tulipewa pembe ya chumba katika nyumba ya ndugu, na pazia katikati. Usiku, watoto wakiisha kulala, hatukuwa na neno la kuambiana ila lile lile: “Tutarudi lini?” Usiku wa tatu mke akakitoa kile kijitabu, akaanza kusoma polepole kwa tochi ya simu. Kila ukurasa alisimama kidogo ili kumweleza mume kwa Kiswahili, kwa kuwa mume hakusoma Kifaransa sana. Tukaendelea hivyo siku kadhaa. Hata tulipofika mahali ambapo mkosaji yu karibu kushikwa, tukafunua ukurasa, na kumbe! Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka zote.

Tulicheka. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka tangu mlima upasuke. Kisha tukaanza kubishana, huyu akisema mkosaji ni fulani, yule akisema sivyo, ni fulani mwingine. Ghafula tukasikia sauti ya mzee aliyelala upande wa pili wa pazia: “Wanangu, huyo mnayemsamehe nyinyi wawili, ndiye mwenyewe!” Kumbe mzee naye alikuwa akisikiliza kila usiku bila kusema neno.

Tuliporudi Goma, nyumba yetu tuliikuta salama. Tukasema, tusiiache furaha ile ipotee. Dada yetu akaaye Kigoma akatuletea kitabu cha Kiswahili, “Mzimu wa Watu wa Kale”, kilichotungwa na Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi hiyo ilipata ushindi katika mashindano ya watungaji wa Kiswahili ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu kikatoka mwaka 1960. Mpelelezi wake ni Bwana Msa, mvuta kiko, na jina lake limefanywa kwa herufi za kwanza za jina la mtungaji mwenyewe. Yuko pia rafiki yake Najum. Watu wa hadithi hiyo wanapaogopa mahali penye mzimu, lakini Bwana Msa hakubali kwamba mzimu ndio jibu la kila jambo. Yeye hutazama, huuliza, hupima. Baadaye tulisoma “Simu ya Kifo” ya Faraji Katalambulla, iliyotoka mwaka 1965, na vingine tulivyoweza kuazima. Lugha ya pwani ilitushinda mahali pengine, lakini tulibahatisha pamoja, na hiyo nayo ikawa sehemu ya mchezo.

Tukajiwekea sheria tatu. Kwanza, mtu asisome mbele peke yake. Kitabu kikiisha kufungwa hutiwa uzi na kuwekwa juu ya kabati. Pili, leo anasoma mume, juma lijalo anasoma mke. Tatu, kabla ya sura ya mwisho twasimama. Kila mmoja anaandika katika karatasi ndogo jina la yule anayemdhania, anaikunja na kuiweka chini ya taa. Aliyekosa ndiye atakayewasha mbabula na kuchemsha chai asubuhi ya Jumapili, kabla ya Misa. Na tukikosa wote wawili, kama ilivyo mara nyingi, basi twawasha pamoja.

Mchezo huo una haki yake. Mwaka 1929 padri mmoja wa Uingereza, Ronald Knox, ambaye mwenyewe alitunga vitabu vya namna hii, aliandika amri kumi za watungaji wa upelelezi. Amri moja yasema mkosaji lazima aonekane mapema katika hadithi. Nyingine yasema mpelelezi asifiche dalili aliyoiona, bali msomaji naye aionyeshwe. Kwa hiyo ukishindwa, huwezi kumlaumu mtungaji. Dalili zote ulikuwa nazo mbele ya macho yako.

Sasa tufike kwenye aibu yetu.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia mjini. Siku kadhaa tulikaa bila umeme wala maji. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na kazi nyingi zikasimama. Mume alikuwa mtunzaji wa ghala. Mwezi wa Februari akaambiwa akae, mshahara haupo. Naye hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alivaa viatu, akachukua mfuko wake, akatoka saa ile ile ya siku zote. Jioni akarudi, akasema, “Kazi iliendelea vizuri.”

Lakini mke alikuwa amesoma vitabu vya upelelezi miaka karibu minne. Aliona viatu. Ghala liko kwenye barabara ya lami, na zamani viatu vilirudi na vumbi kidogo tu. Sasa vilirudi vyeusi hata kwenye kamba, kwa vumbi la mawe ya mlima, kama vya mtu apitaye kila siku katika mitaa ya Ndosho. Aliona fedha. Zamani mume alileta mshahara mara moja kwa mwezi, sasa alileta noti ndogo ndogo za franka, zimekunjamana. Aliona simu, ambayo ikilia mume hutoka nje kuijibu na kusema kwa sauti ya chini. Mke akaziweka dalili hizo moja juu ya nyingine, kama Bwana Msa angalivyofanya, na jibu likaja lenyewe: yuko mwanamke huko Ndosho.

Hakumwambia mtu. Siku ya posho ilipofika alisema, “Baba watoto, macho yananiuma, tusisome leo.” Juma la pili akasema vivyo hivyo, na la tatu. Kitabu kikabaki juu ya kabati na uzi wake, sura moja tu ikisalia.

Mume naye alikuwa msomaji wa vitabu vile vile. Aliona mke hamtazami akila. Aliona anageukia ukutani akilala. Naye akazijumlisha dalili zake, akapata jibu: “Amekwisha kujua kwamba sina kazi, naye ananidharau.” Kwa hiyo akazidi kunyamaza. Hivyo nyumba moja ilikuwa na wapelelezi wawili, kila mmoja ana ushahidi wake, na wote wawili wamekosa.

Juma la nne mume hakuweza kuvumilia. Alikishusha kitabu, akafungua uzi, akaweka karatasi mbili mezani. “Mama watoto,” akasema, “imebaki sura moja. Tuandike, tumalize.” Mke akakaa kimya kitambo kirefu. Kisha akaandika, akakunja, akaiweka chini ya taa. Mume akaifungua. Hapakuwa na jina la mtu yeyote wa kitabuni. Palikuwa na maneno haya: “Ni nani yule wa Ndosho?”

Mume hakujibu kwa mdomo. Aliweka mikono yake juu ya meza na kuigeuza. Viganja vilikuwa vimepasuka, na kidole kimoja kilikuwa na jeraha bichi. Huko Ndosho alikuwa akiponda mawe ya mlima kwa nyundo, mawe ya kujengea, akilipwa jioni kwa jioni. Na yule wa simu alikuwa mtu aliyemkopesha fedha za karo ya watoto. “Nilitaka nikueleze siku nitakapopata kazi nyingine,” akasema, “ili nisikuletee habari mbaya tupu.”

Mke alilia. Halafu akakasirika, na haki alikuwa nayo. Kama angaliambiwa mwezi wa Februari, angalianza siku zile zile kuuza sambaza wa kukaanga mbele ya nyumba, kama alivyoanza baadaye, na lile deni lisingalikua. Mume akaomba msamaha kwa uongo wake. Mke akaomba msamaha kwa hukumu yake. Alikuwa amevipima viatu, fedha na simu, lakini mikono ambayo kila jioni alikuwa akiimwagia maji ya kunawa, hakuitazama. Usiku ulikuwa mwingi tulipokumbuka karatasi ya pili. Mume alikuwa ameandika kwa uaminifu jina la mtu wa kitabuni. Tukasoma sura ya mwisho, na kumbe naye alikuwa amekosa! Asubuhi tuliwasha mbabula wawili.

Tangu hapo tumefikiri sana juu ya jambo hili. Je, vitabu hivi ndivyo vilivyotutia mashaka? Sisi twaona sivyo. Mashaka huingia hata katika nyumba isiyo na kitabu. Lakini tulikuwa tumejifunza nusu ya somo. Katika kitabu, mtungaji amejifunga kukuonyesha dalili zote. Nyumbani hakuna aliyekuahidi hivyo. Utaona tatu, na ya nne, iliyo kubwa, hutaiona. Tena, kumdhania vibaya mtu wa kitabuni hakumwumizi mtu, lakini ukimdhania mwenzako wa ndoa, umemwumiza hata kabla hujasema neno. Na tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni hii: katika kitabu huwezi kumwuliza mtu swali naye akakujibu. Nyumbani waweza. Yu mbele yako, anakula ugali wako.

Mwingereza mwingine, G. K. Chesterton, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1922, alitunga hadithi za Padri Brown, padri mdogo wa umbo, mwenye mwavuli, anayewagundua wakosaji. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1911. Katika kitabu cha mwaka 1927 Padri Brown anaeleza siri yake. Hawatazami watu kwa mbali kama wadudu, bali hujitia ndani ya moyo wa mkosaji, akajiuliza ni nini kingemfanya yeye mwenyewe atende vile. Laiti tungalijiuliza hivyo! Mke angalisema: “Mimi, ni nini kingenifanya nifiche safari zangu?” Naye angaliona upesi kwamba ni haya, maana yeye mwenyewe aliwahi kuficha sufuria iliyoungua ili asichekwe. Mume naye angalisema: “Mimi, ni nini kingenifanya nigeukie ukutani?” Angaliona kwamba ni uchungu, wala si dharau.

Kwa hiyo hatukuacha kusoma. Tumeongeza tu sheria ya nne: kabla ya kufungua kitabu, kila mmoja anamwuliza mwenzake, “Kuna lolote juma hili ambalo sijaliona?” Mara nyingi jibu ni dogo: kiatu cha mtoto kimetoboka, jino linauma, shemeji anataka kukopa. Mara nyingine ni kubwa, na siku hiyo hatusomi kabisa.

Ndugu wasomaji mlio katika ndoa, huenda mwasema kwamba kutoka jioni kwahitaji fedha, na usiku mjini si salama. Ni kweli. Lakini kitabu kimoja cha kuazima na taa moja vyatosha. Chagueni kilicho safi, maana viko vingine vyenye uchafu, na kurasa za namna hiyo rukeni. Asiyejua kusoma na asikilize. Huenda akamgundua mkosaji kabla ya msomaji.

Kile kijitabu cha Sake tungali nacho. Kijana wetu mkubwa, ambaye tulidhani amelala kumbe husikiliza, alitaka kututafutia mwisho wake katika simu. Tukamwambia aache. Mume angali anashika jibu lake, mke lake, na jibu la yule mzee wa nyuma ya pazia tumeliandika kwa penseli ndani ya jalada.