Tulipopwelewa Kua

Katika umri wetu huu, marafiki hukutana kwa sababu. Kuna kikao cha harusi ya mtoto wa mwenzetu, kuna msiba Tabata, kuna arobaini, kuna mgonjwa kalazwa Muhimbili. Mwenyekiti wa kamati anafungua kikao, mweka hazina anasoma majina ya walioahidi na bado hawajatoa, tunakula, tunaagana haraka kabla foleni haijakaza. Nimewahi kukaa meza moja, jioni nzima, na mtu ninayempenda tangu tukiwa wasichana wa bweni, nikaondoka bila kujua anaendeleaje. Nilichojua ni shilingi ngapi ametoa.

Siilaumu michango. Imewazika wazazi wetu kwa heshima, imewatoa watu hospitalini, imewalipia ada watoto waliokuwa wamerudishwa nyumbani. Ninachosema ni kwamba kwetu imekua hadi ikakalia kiti cha kitu kingine, na hatukuona kiti hicho kikichukuliwa. Mimi nilianza kuliona jambo hilo Mafia.

Tulikwenda watano, wote tuliosoma pamoja, mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, bahari ikiwa imetulia. Safari yenyewe ilichukua miaka ya kusema "tutaenda" kabla ya mmoja wetu, mwalimu, kukataa katakata kusikia neno hilo tena. Mafia unaweza kuifikia kwa ndege ndogo kutoka Dar es Salaam, nusu saa hivi umetua, lakini sisi tulichukua njia ya Nyamisati, pale Kibiti, kwenye ncha ya kaskazini ya delta ya Rufiji. Chombo kinatoka taratibu katikati ya mikoko, maji ni ya rangi ya udongo, kisha mikoko inaachana na maji yanabadilika mbele ya macho yako. Wenzangu wawili walikuwa wamelala. Niliwaamsha, nao hawakukasirika.

Tulifikia Utende, upande wa ghuba ya Chole, katika nyumba ya wageni ya mama mmoja wa hapohapo. Asubuhi vitumbua na chai ya rangi, mchana wali wa nazi na samaki wa kupaka, jioni mihogo na pweza. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye kilomita za mraba 822 za bahari, visiwa na vijiji. Vijiji navisisitiza, maana watu wanaishi humo na kuvua humo kwa masharti, na mvuvi anayepita na nyavu zake ni sehemu ya hifadhi kama yalivyo matumbawe. Kilindoni, upande wa magharibi, tulikwenda kumwona papa potwe, ambaye huonekana huko kati ya Oktoba na Machi. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, naye hula vidudu vidogo vinavyoelea majini, anavichuja kwa mdomo uliofunguka wazi. Mwenzetu muuguzi aliingia majini na boya lake, akatoka analia na kucheka pamoja. Sharti ni kutomgusa. Papa alipita chini ya mwenzetu bila haraka, kila doa la mgongo wake likionekana, akaenda zake.

Lakini jambo lililotufundisha Mafia ni maji kujaa na kupwa. Mtu wa bara, hata akiwa amekaa Dar es Salaam miaka thelathini kama mimi, anajua habari hiyo kwa kuisikia tu. Ukiwa Utende unaitii. Kila siku maji hujaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, kwa kuwa yanaufuata mwezi wala hayafuati jua. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: maji hupanda sana na kushuka sana, tofauti ya zaidi ya mita 3, na ufuko uliokuwa hatua chache unakuwa uwanja usioona mwisho wake. Katikati ya hapo ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Kwa hiyo ukiuliza kesho tutatoka saa ngapi, hupewi saa. "Yakiwepo maji, mama," nahodha wetu alisema, mzee wa makamo ya baba zetu, naye hakuwa anatukwepa. Hilo ndilo jibu kamili.

Siku ya kwanza swali hilo tuliliuliza mara nyingi. Mwenzetu anayefanya kazi benki alikuwa na ratiba kwenye simu: Chole asubuhi, Juani mchana, Jibondo kesho yake. Chole tulifika, jioni badala ya asubuhi, tukawaona popo wakubwa wa matunda wakining'inia mitini jua likizama, na magofu ya majengo ya Wajerumani waliokuwa na makao yao ya utawala pale kabla hayajahamishiwa Kilindoni. Mizizi imeingia ukutani. Jibondo hatukufika kabisa. Kadiri siku zilivyokwenda, simu ile ilitolewa mfukoni mara chache zaidi, na nadhani mwenyewe hakujua.

Kisha ikaja siku ya Kua.

Kua ni mji uliokufa, katika kisiwa cha Juani, ng'ambo ya Chole. Zimebaki kuta za mawe ya matumbawe na chokaa: misikiti, makaburi, nyumba kubwa ya mtawala ambayo ngazi zake hazipandi popote. Mwanzoni mwa karne ya 19 Wasakalava walikuja kwa vyombo kutoka Madagaska, wakaupiga mji na kuwachukua watu wake utumwani, na Kua haikuinuka tena. Hayo ni ya historia. Lakini kuna masimulizi ya zamani zaidi ambayo watu wa Mafia wanaendelea kusimuliana, na kijana aliyetuongoza alitusimulia akiwa amesimama kati ya kuta zenyewe.

Watu wa Kisimani, mji wa upande wa pili wa Mafia, waliwaalika watu wa Kua kwenye sherehe ya kushusha jahazi jipya majini. Wakawakamata watoto wa wageni wao, wakawafunga, wakawalaza mchangani badala ya magogo, na jahazi likapitishwa juu yao. Kua walirudi nyumbani na maiti. Hawakupigana. Hawakusema. Walikaa kimya hadi Kisimani wakaamini kwamba yamesahaulika, kisha wakawaalika harusini. Wageni waliketishwa katika chumba kilichochimbwa chini, wakaandaliwa chakula, na wenyeji wakatoka mmoja mmoja kwa visingizio huku mlango ukijengwa mawe nje. Alibaki mzee mmoja wa Kua akiwapigia hadithi, akikubali kufa nao ili wasishtuke. Kisimani yenyewe leo sehemu yake kubwa imeliwa na bahari.

Siwezi kusema lipi katika hayo lilitokea kweli. Ila kilichonishika si ukatili, maana visa vya ukatili tumesikia vingi. Ni ile miaka ya katikati. Miji miwili iliyoendelea kuuziana samaki na nazi, ikasalimiana, ikaulizana habari za nyumbani, huku mmoja unahesabu.

Tuliporudi mtoni mwa mikoko, tulipoiacha mashua, maji yalikuwa yamekwisha kwenda. Ilikuwa bamvua, tulikuwa tumetoka alfajiri yakiwa yanapungua, na mashua yetu ilikuwa imelala ubavu kwenye tope. Tumepwelewa. Nahodha alitandika tanga chini ya mkoko, akatuambia tule tulichobeba kwa kiasi, maana hadi mchana hakuna mtu wa kutoka hapo, kisha akalala. Mtandao wa simu haukuwepo. Mwanamke mmoja wa kisiwani alipita na wenziwe, wamejifunga kanga, mijiti mikononi, wanakwenda mwambani kuchokoa pweza. Tuliwaamkia, akatuuliza tumekuja kufanya nini. Kupumzika, tukamwambia.

"Mmefanya vyema, kazi haiishi. Nyie ndugu?"

"Tulisoma pamoja."

"Basi ndugu," akasema. Wao pia, akaongeza, huko mwambani hawaendi mtu peke yake. Wakati mmoja ameinama kwenye shimo, lazima awepo wa kuangalia maji yanaporudi. Nao wakaenda, kwa kuwa saa hizo chache ambazo sisi tulikuwa hatuna la kufanya ndizo saa zao za riziki.

Tukakaa. Mazungumzo ya kawaida yakatuishia mapema: watoto, mabosi, bei ya mchele. Yalipoisha hakukuwa na kikao cha kufunga wala gari la kuwahi. Hapo ndipo muuguzi, bila kumtazama mtu, alimuuliza mwenzetu mfanyabiashara swali alilokaa nalo tangu mama yake alipofariki.

"Shoga, kwa nini hukuja Songea?"

Sote tulikuwa tunaijua habari hiyo na sote tulikuwa tumeipita pembeni. Mama yule wa muuguzi alitulea. Likizo ambazo nauli ya kwenda kwao haikupatikana, mfanyabiashara huyu alikuwa akipelekwa Songea, analala chumba kimoja na mwenzake, anakunywa uji wa mama huyo kwa bakuli. Alipofariki, wengine tulipanda basi. Yeye alituma laki mbili. Jina lake likasomwa kwenye daftari la rambirambi pamoja na kiasi, na lilikuwa miongoni mwa makubwa. Kila aliyesikia alielewa vilevile: ana pesa, hana nafasi.

Alikaa muda mrefu kabla hajajibu. Kisha akasema laki mbili zile alikopa. Vitenge alivyochukua kwa mkopo vilikuwa havijauzika, duka alikuwa amelifunga, na watu wanaomdai walikuwa wakimngoja nyumbani. Sisi tulikuwa hatujui hata kimoja, na tulikuwa tukiandikiana karibu kila siku kwenye kundi la WhatsApp. "Ningekopa nauli, ningefika," alisema. "Halafu? Daftari likipita mbele yangu niandike nini? Nikaona bora jina langu lifike kuliko mimi kufika mikono mitupu."

"Mama alikuulizia," muuguzi akasema. "Wiki yake ya mwisho. Alikuwa anasema, yule mpenda uji yuko wapi, hajaja?"

Sitaandika yaliyofuata, maana ni yao. Nitasema tu kwamba hawakukumbatiana palepale, na mmoja alikwenda kusimama mbali kidogo kwenye tope akiwa ametupa mgongo. Mambo ya miaka hayamalizwi na sentensi mbili. Maji yalipoanza kurudi, kwanza kama unyevu tu chini ya mashua, walikuwa wameketi kwenye tanga moja wakizungumza kwa sauti ya chini, na sisi tulikuwa tumejitafutia shughuli ya kuokota makome.

Nimelifikiria sana tangu siku ile. Tunasema pumziko ni kuacha kazi, na ndiyo, mwili unahitaji hivyo. Lakini nimeona watu wamekwenda fukwe nzuri kuliko zile na wakarudi wamechoka, kwa kuwa walibeba ratiba yao na kuitekeleza yote, picha kwa picha. Kilichotupumzisha Mafia ni kuwa chini ya wakati ambao hatukuupanga na hatukuweza kuuharakisha. Na naamini sasa kwamba aibu inahitaji wakati wa namna hiyo ili iseme. Aibu haiji kwenye ajenda. Haiwezi kujieleza kati ya dua ya kufungua na ripoti ya mweka hazina, wala kwenye kundi la simu ambako kila habari nzito hujibiwa na "pole" kumi na moja ndani ya dakika mbili, na mtu anaona afadhali asingesema. Inangoja mpaka mazungumzo mepesi yote yaishe na bado hamjaondoka.

Kwa hiyo kwangu saa za bure na marafiki si anasa tena. Najua si kila mtu ana nauli ya Mafia. Na sisi tulidunduliza kwa kikoba. Lakini bure ninayoisema inapatikana hata kwenye kibaraza, mradi asiwepo anayengojewa, asiwepo anayechangiwa, na mtu asitazame saa. Tulikuwa nayo bweni usiku taa zikizimwa. Hatukuipoteza kwa kugombana. Tuliijaza shughuli za maana, moja baada ya nyingine, hadi ikaisha nafasi.

Safari inayofuata tumeshakubaliana. Mwezi wa tano, mvua za kusini zikiisha, tutakwenda Songea, kaburini kwanza, kisha tuteremke hadi Mbamba Bay tukae kando ya Ziwa Nyasa. Mwenzetu wa benki ameuliza kama aandae ratiba, akaambiwa aandae mswaki. Muuguzi amesema tutafikia nyumbani kwao, tutalala wote chumba kile kile, na asionekane mtu amebeba chochote mkononi. Mfanyabiashara ameshakata tiketi yake ya basi, wa kwanza kuliko sisi sote.