Asilimia 9

Juzi umeme ulikatika hapa Kitete tangu asubuhi. Simu ilibaki asilimia 9, na mama alikuwa akachukue majibu ya vipimo; alisema atapiga jioni. Kuizima siwezi, angenipataje?

Basi nikazima data, GPS na Bluetooth, nikapunguza mwanga, nikaitoa 4G nikaiweka 2G. Nikaihamishia kivulini chini ya mwembe, maana joto huchakaza betri ya lithiamu. Mwenzangu wa chumba akacheka: "Unailea kama kichanga!"

Saa 2 usiku ikaita. "Mwanangu, mi mzima." Nikalia kidogo. Ilibaki asilimia 3.

Siku hizi data naiwasha nikiihitaji tu. Jamani, zenu mmechaji?