Kukata si Kutupa

Wanafunzi wengi hudhani kwamba hadithi ikishatiwa sauti na picha ndani ya kompyuta, imekwisha. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kazi inapoanza. Bibi zetu walilijua jambo hili bila kufundishwa. Hadithi ya sungura waliyoisimulia jana haikuwa ile ile leo: walipoona watoto wanasinzia walifupisha, na watoto walipotega masikio walinyamaza kidogo ili wangojewe.

Joe Lambert na Dana Atchley, pamoja na wenzao, walipowafundisha watu wa kawaida huko California, katika miaka ya 1990, kutunga hadithi za kompyuta kwa sauti na picha zao wenyewe, walitilia mkazo ufupi: dakika chache tu, pasipo neno la ziada. Kuandika kanuni hiyo ubaoni ni rahisi. Kuifuata ni kazi, hasa pale anayekatwa ni mtu uliyempenda.

Msichana mmoja wa kidato cha pili alitunga hadithi ya cherehani ya marehemu mama yake. Ilichukua dakika sita. Alipotaja cherehani, cherehani ilitokea; alipotaja mlango, mlango ukatokea; na chini ya yote wimbo wa huzuni ulilia mpaka ukaimeza sauti yake. Nilimwuliza, "Mwanangu, picha hii inasema nini ambacho wewe hujakisema?" Akapunguza wimbo, akaondoa mlango na mengineyo. Lakini picha tisa za mama yake hakuzigusa.

"Nikimfuta hapa, mwalimu, nitakuwa nimemfuta kabisa."

Nikamweleza kwamba zamani filamu ilikatwa kwa wembe, vipande vikaungwa kwa gundi au utepe. Katika programu ya kuhariri video, kukata ni agizo tu la kuiambia kompyuta ianze wapi kuonyesha na iishie wapi. Picha ya asili hubaki salama katika faili lake. Alilifikiria hilo kwa siku mbili. Kisha akabakiza picha moja: mikono ya mama juu ya kitambaa.

Ikabaki sauti. Baada ya kusema kwamba siku ile mama hakushona, palikuwa na ukimya wa sekunde nne, na pumzi iliyokwama. Kwenye skrini sauti huonekana kama vilima. Pale palikuwa tambarare. Akapakata, kwa kuogopa kuchekwa na wenzake. Hadithi ikaenda mbio, laini kama tangazo la biashara. Akaisikiliza mara mbili, kisha, bila kuambiwa na mtu, akatengua alichokifanya na ukimya ukarudi mahali pake. Siku ya kuionyesha darasani hakuna aliyecheka.

Ndiyo maana sipendi mwalimu ashike kipanya kwa niaba ya mwanafunzi, hata kama kengele imekaribia kulia. Mkono wa mwalimu ungeuondoa ukimya ule kwa kuudhani kasoro, na ungeziacha picha zote tisa kwa huruma. Ni mwenye hadithi ajuaye lipi ni pambo na lipi ni uchungu wenyewe, naye huhitaji muda wa kulitambua.