Picha Niliyoionyesha Darasani

Nilimwambia mzee wa watu kwamba anaua mlima, nikiwa nimeketi sakafuni kwake, wali wake ungali mkononi mwangu. Hilo ni kosa la kwanza. Lingekuwa peke yake, nisingeandika.

Tulikuwa siku ya pili ya safari ya miguu, mume wangu nami, katika milima ya Mae Wang, kusini-magharibi mwa mji wa Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Miaka minne tulidunduliza fedha ya safari ile. Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili, msimu ambao moshi hutanda kule hadi vilima vya jirani havionekani. Kijana aliyetuongoza alikuwa Mkaren, kabila la milima ile, na kijiji tulichokuwa tunakwenda kulala kilikuwa kwao. Kabla hatujafika tukakuta ubavu mzima wa mlima umeungua, visiki vyeusi vimesimama kimo cha kiuno. Nikapiga picha. Nafundisha jiografia sekondari, na kila mwaka nafundisha kilimo cha kuhamahama: watu hufyeka, huchoma, huvuna, huichosha ardhi, huhama. Nikajiona nimeushika ushahidi.

Usiku tukala kwa mzee, katika nyumba ya mianzi iliyoinuliwa juu ya nguzo, tumeuzunguka moto. Alitupakulia sisi kwanza. Nikamwomba kijana amweleze mzee habari za mmomonyoko na chemchemi kukauka. Kijana akasita, nikamhimiza. Alipomaliza kutafsiri, mzee alisogeza kuni, akatuongezea wali, wala hakusema neno.

Mume wangu naye hakunisemesha mpaka tulipolala. Yeye ni Mmatengo wa Mbinga, ambako hulimwa kwa ngoro, mashimo ya kuzuia mmomonyoko mlimani. "Mama watoto," akaninong'oneza, "ngoro za babu zangu unawasifia wanafunzi wako kila mwaka. Huyu mzee umemuuliza hata swali moja?"

Asubuhi mzee akachukua panga, akatuashiria tumfuate. Alitupitisha kwenye lile shamba lililoungua. Kumbe pembezoni palikuwa pamefyekwa njia pana na kufagiwa majani, moto usivuke. Visiki viliachwa virefu makusudi, ili mizizi iishi na miti ichipue. Miti mikubwa ilikatwa matawi tu. Mvua zikianza, watapanda mpunga kwa vijiti vya kutobolea ardhi, wauchanganye na maboga, matango, pilipili na majimbi. Mwaka mmoja tu, kisha shamba linapumzishwa. Akatuonyesha lililopumzika mwaka mmoja, vichaka tupu. La miaka mitatu, miti imetupita kimo. Mwishoni tukasimama kivulini, ndege wanalia, nikadhani tumeingia msituni. Kijana akasema hilo ni shamba la miaka saba, zamu yake inakaribia. Hawahami. Wanazunguka, na kijiji kinabaki palepale.

Tukirudi, kijana akatuonyesha mti wake. Mtoto wa Kikaren akizaliwa, kitovu chake hutiwa katika kipande cha mwanzi, kikafungwa mtini, na mti huo haukatwi, maana roho ya mtoto imeshikamana nao. Sisi huuliza kitovu cha mtu kilizikwa wapi. Chake kilikuwa pale juu, kwenye gome. Watu hawa ndio niliowafundisha kupenda miti.

Nilimwomba mzee radhi. Aliitikia kwa kichwa, akaenda kulisha nguruwe wake.

Kosa la pili nililitenda nyumbani, nikijua. Mtihani unataka hasara za kilimo cha kuhamahama, na picha yangu ilikuwa nzuri mno. Niliiweka ukutani kwa projekta, nikasema: tazameni uharibifu. Mwaka wa kwanza, na wa pili. Katikati ya miaka hiyo nilisoma kwamba tarehe 3 Agosti 2010 baraza la mawaziri la Thailand lilipitisha azimio la kurejesha maisha ya Wakaren, likakiunga mkono kilimo chao cha mzunguko. Serikali ambayo maofisa wake wa misitu walikuwa wakiwashtaki watu wale ilikuwa imekiri kwa maandishi. Mimi niliyelishwa wali wao sikukiri. Nilihofu kuwachanganya wanafunzi, nilijiambia hivyo. Ukweli ni kwamba nilihofu kuonekana nimefundisha vibaya miaka kumi na miwili.

Msichana mmoja wa dawati la mbele alinyoosha mkono. "Mwalimu, mbona visiki ni virefu hivyo? Kama wanahama, kwa nini hawakukata chini?"

Aliona kwa dakika moja kile ambacho mimi nilipelekwa kuonyeshwa kwa miguu. Nikamjibu kwamba hawana zana nzuri. Akaandika.

Wanafunzi wa mwaka huu nimewaonyesha picha ileile na kuwasimulia yote, pamoja na jibu nililompa yule msichana. Yeye alishamaliza shule. Nimeulizia kwa rafiki zake, wananiambia yuko chuo cha kilimo.