Mlima wa Sentimita 30

Kigari cha rimoti cha skeli ya 1/10 hakina mchezo: jiwe la sentimita 10 kwake ni mwamba wa mita nzima. Udongo mweusi wa Kitengela nao, ukikauka unapasuka, ikinyesha unanata. Kwa hivyo nilileta maramu, nikaichekecha, nikainyunyizia maji, nikashindilia.

Wasee, kazi ngumu ni mruko. Pa kutulia lazima pawe na mteremko, la sivyo kigari kinatua kwa kishindo na kuvunjika.

Mzee wangu, ambaye hakuwa amenisemesha tangu niache chuo, alikuja akasimama, akatazama.

“Hapa maji yatasimama.”

Akachukua jembe, akachimba mtaro. Mambo ya fees hatukuyagusa. Kesho yake alirudi na gambuti.